Matundu ya Kioo cha Paa

Ndo. Ndo. Ndo. Alfajiri, jiko likiwa bado giza, mama alipapasa bomba akalikuta kavu, halivuji. Mlio ulitoka nje, kwenye gari lao lililoegeshwa chini ya dirisha.

Akafungua mlango wa nyuma wa gari. Mvua ilikwisha kukatika, lakini ukingoni mwa kioo cha paa tone lilining'inia, likanona, likaangukia kiti cha binti yake. Ndicho kiti kilichotandikwa nailoni tangu baba mtu aseme, "Mtoto mzima, unakojoa garini!"

Alibonyeza swichi, kioo kikarudi nyuma. Akapitisha kidole kwenye mfereji wake. Tundu dogo la kona ya mfereji lilijaa gundi nyeupe, ngumu. La pili vilevile.

"Bwana fundi! Njoo uone kazi yako!"

Mume akatoka akipiga miayo. "Niliyaziba mwenyewe. Si ndimo maji yalimokuwa yakiingilia?"

"Ndimo yanamotokea! Yanashuka kwa mpira wa maji mpaka chini ya gari. Umeyafungia njia, yakamlowesha mwanangu, nawe ukamwita kikojozi mbele ya wenziwe!"

"Punguza sauti, majirani watasikia."

"Wasikie! Yale ya kwanza si waliyasikia?"

Akaichokoa gundi kwa pini ya nywele, kisha akaleta kikombe cha maji akayamimina tunduni. Yaliteremka kwa mlio ndani ya nguzo ya mlango, yakamwagika kando ya gurudumu.

Binti alikuwa amesimama kizingitini, miguu mitupu. Akamtazama baba yake.

"Nilikwambia si mimi."