Ukurasa wa Mwisho wa Mfugaji

Babake Dhadho aligundua kuwa amekufa alipofika ukurasa wa mwisho wa katuni ya bintiye.

Walikuwa wamekaa nyasini Minjila, wakitazama ng'ombe wa mzee wakinywa maji. Dhadho hutunga hadithi za katuni za gazeti la watoto huko nyumbani Garsen wiki nzima, ila Jumapili ni ya babake. Leo alikuwa na michoro mipya ya mchoraji wake begini, na mzee, asiyejua kusoma, aliitoa mwenyewe.

Aliifuata picha baada ya picha kwa kidole chenye kovu la kamba. Alicheka mfugaji wa katuni alipogombana na fahali. Kisha kidole kikasimama. Mfugaji alikuwa amelala chali, fimbo kifuani, ng'ombe wamemzunguka.

"Huyu ni mimi," alisema. "Kule mwanzo anasimama kwa mguu mmoja, kama mimi. Hapa amekufa?"

"Ni hadithi tu, Aba." Dhadho aliona haya. "Mhariri anataka iishe."

"Kufa si kitu, watu hufa." Mzee aliinamia karatasi, akatafuta kila pembe. "Lakini mbona yuko peke yake? Wewe uko wapi?"

Dhadho alitoa simu akampigia mchoraji.

"Ule ukurasa wa mwisho," alimwambia, "ongeza binti yake. Amekaa hapo hapo, amemshika mkono."

"Na asilie sana," alisema mzee.