Barua Moja kwa Maprofesa Saba

Profesa Lwambano hakumwonyesha Tunu kiti. Alikuwa ameichapa baruapepe yake kwenye karatasi, na sasa aliisoma kama anayesoma mashtaka.

"'Utafiti wako wa mdudu dumuzi wa mahindi umebadilisha maisha yangu.' Binti, maneno haya haya umewatumia maprofesa saba, na majina yetu yote yanaonekana hapa juu. Sisi tunakunywa chai chumba kimoja. Jana tulikucheka mpaka birika likapoa."

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Na mwenzetu anayetafiti ng'ombe, naye amekubadilisha maisha?"

"Wale sita sikuwasoma. Wewe nimekusoma." Maombi ya uzamili yalikuwa yanafungwa mchana huo, na bila profesa wa kumsimamia, ombi lake lingetupwa. "Jedwali la ukurasa wa arobaini wa kitabu chako, Profesa. Asilimia zake ukizijumlisha zinafika mia na kumi na mbili."

"Kitabu hicho kimepitiwa na wanaokuzidi akili."

"Labda walikipitia wakati wa chai."

Profesa alimkazia macho, kisha akakivuta kitabu rafuni. Akaweka kidole juu ya jedwali. Midomo ikaanza kuhesabu bila sauti, kidole kikashuka mpaka chini, kikasimama, kikarudi juu kuanza upya.