Kifua Kikuu Shingoni

Daktari wa maabara aliondoa jicho kwenye hadubini, akafuta miwani, akaangalia tena. Katika usaha uliovutwa kwa sindano shingoni mwa mgonjwa alitarajia kuona saratani. Badala yake, katikati ya rangi ya buluu, vilitawanyika vijiti vyekundu, vyembamba mno.

Akatoka mwenyewe hadi kwenye benchi walipokaa fundi cherehani na wifi yake. Mtandio wa fundi ulificha uvimbe shingoni, mkubwa kama limau. Wiki ijayo angekatwa tezi, na tayari alishamwusia wifi kuhusu watoto.

"Mama, si saratani," daktari alisema. "Ni kifua kikuu, kimeingia kwenye tezi. Wengi hudhani hukaa mapafuni tu. Hutapasuliwa. Utameza dawa kwa miezi kadhaa, na ukizimaliza utapona."

"Kifua kikuu shingoni?" wifi akauliza. "Kimepotea njia?"

Fundi hakucheka. "Naweza kukiona?"

Haikuwa kawaida, lakini daktari alimwingiza ndani, akamketisha, akamrekebishia lenzi. Mwanzoni fundi aliona ukungu. Kisha vijiti vikatulia mbele yake, kama vipande vya uzi vinavyobaki sakafuni baada ya kazi.

"Hivi ndivyo vilivyotaka kuniua?"

"Ndivyo."

Mkono wake ukapanda shingoni, ukaupapasa uvimbe taratibu. Mlangoni, wifi alikuwa ameanza kulia.

"Wifi," fundi aliita bila kuinua jicho, "njoo uone jinsi vilivyo vizuri."