Utepe wa Rais

Desturi ya nchi ile ilikuwa moja: rais huvalishwa utepe wa bendera na mama yake mzazi, na bila mkono wa mama hakuna kiapo. Kwa hiyo Remihio, aliyebadili katiba ili atawale mara ya tatu, alikuja na askari wake mpaka jikoni kwa mama yake, Bi Kasilda, akauweka utepe mezani, akainamisha kichwa.

"Nivalishe, mama. Watu wanasubiri uwanjani."

"Waache wasubiri. Mwenzangu Ortensia hapo ng'ambo ya barabara anamsubiri mwanawe mwaka wa nne sasa. Askari wako walimchukua na ndala miguuni. Yuko wapi?"

"Mama, leo ni siku ya furaha."

"Furaha ya nani? Ulipokuwa mdogo uliniletea kuku wa watu, nikachinja, nikapika, sikuuliza. Kosa langu hilo. Leo nauliza."

Rais akatazama saa. "Nipe radhi yako tu. Hayo mengine ni ya serikali."

"Serikali ni nani, kama si wewe?"

Bi Kasilda akapangusa unga mikononi, akauchukua utepe, akavuka barabara mbele ya bunduki zote. Ortensia alikuwa ameketi kizingitini pake. Bi Kasilda akamwekea utepe mapajani.

"Mvalishe wewe, dada, ukiweza."

Remihio akamfuata, akasimama juani, asijue ainamishe kichwa au aite askari. Ortensia hakumtazama. Aliupapasa utepe kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayekagua kitambaa sokoni.