Kikapu cha Arobaini

Siku hizi kitu hubaki na joto la aliyekitengeneza, maadamu fundi huyo ameshiba na amelipwa haki yake. Akipungukiwa, nacho hupoa. Ndiyo maana majirani wa Subira, walipotaka kumtunza kwa arobaini ya kuzaliwa kwa mwanawe, walikwenda moja kwa moja duka la ushirika, wakamchagulia kikapu cha ukili chenye joto kama mkate wa asubuhi. Alikisuka Bi Hadia wa Wete, mjane. Kila alfajiri Subira alikigusa, akasema, "Asante, bibi."

Siku ya Jumanne moja Subira alikikuta baridi. Akatoka mbio, hata kanga hakuiweka sawa. "Jamani, Bi Hadia ana njaa!"

Mtaa mzima ukainuka: huyu mchele, yule nazi, mwingine dawa ya homa. Mwanakombo, muuzaji wa lile duka la ushirika, akavipandisha boti ya saa nne iendayo Wete. Alasiri ilipoadhiniwa, kikapu kilikuwa kimerudia uvuguvugu wake. Subira akalia, akawashika mikono mmoja mmoja.

"Mungu awalipe, dada zangu. Mmenipa mtu, si kikapu."

Walipoondoka, mtoto akapiga chafya. Subira akavuta lile shuka zuri alilolinunua mnadani kwa bei ya kutupa, akamfunika. Lilikuwa baridi, kama lilivyokuwa tangu siku ya kwanza. Mkono wake ukabaki juu ya shuka. Alitaka kusema asante, asijue amwambie nani.