Komeo la Nje

Asubuhi ya siku ya saba, mshonaji alisukuma sinia ndani ya chumba cha baba yake kwa mpini wa ufagio, amebana pumzi nyuma ya barakoa, kisha akavuta mlango na kurudisha komeo. Komeo lilikuwa kwa nje. Mumewe alilipigilia misumari siku ya kwanza, baada ya mzee kujaribu kutoka mara mbili.

Akaegemea ukuta. Alikuwa amechoka uchovu ule ambao hata kulala hakuuondoi. Kutoka jikoni mpaka pale hazifiki hatua kumi, lakini wiki hii zilikuwa safari.

"Kipimajoto kinasemaje, baba?"

"Nambari ileile ya jana na ya juzi."

Akamuuliza habari za koo, mzee akasema halikereketi. Akamuuliza kifua, akasema hakijambana. Na harufu, anasikia?

"Nasikia maharage yako yanaungua," sauti ya mzee ikajibu nyuma ya mlango. "Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mimi mbona naulizwa kila kitu?"

Akakimbilia jikoni. Maharage yalikuwa yameshika chini ya sufuria, meusi tii. Ametoka hapo sasa hivi tu, na hakushtukia kitu.

Hiyo harufu ndiyo iliyowachanganya wote tangu mwanzo. Ugonjwa huu ulipobisha hodi mara ya kwanza, miaka ile, ulianzia puani. Mama yake alinusa kitunguu kibichi, akasema kitunguu gani hiki hakina harufu, wakamcheka. Wiki ya tatu walimzika. Baba naye alilazwa, akarudi na mtungi wa oksijeni na onyo la daktari kwamba mapafu yake hayatakuwa tena kama zamani. Mshonaji alilielewa onyo hilo kwa lugha ya kazi yake. Nguo iliyoliwa na nondo unaweza kuivaa, ila usiivute.

Safari hii ugonjwa ulikuja na sura nyingine. Koo la kukereketa, mafua, chafya mbili tatu, mambo ambayo mtu hunywea chai ya moto akaenda zake kazini. Nyumba nzima ilibishana kama ndio wenyewe au siyo. Mumewe, fundi umeme, alishikilia kuwa ni vumbi tu. Kijiti cha kupimia kikatoa mistari miwili, na ubishi ukaisha. Jioni ileile mzee akapewa chumba cha mke na mume, kwa kuwa ndicho pekee chenye choo chake ndani. Wenyewe wakahamia sebuleni na mapacha wao, magodoro ukuta kwa ukuta.

Kila alasiri muuguzi wa zahanati alipiga simu. Alimweleza kwamba kile kirusi cha mwanzo kilikuwa kikishuka moja kwa moja kifuani, lakini hiki kinapenda kukaa juu, puani na kooni. Wengi wanapona kwa kulala na kunywa maji.

"Ila mzee wako si wengi," muuguzi alisema. "Kwa mapafu yale, hata hiki chepesi kinamtosha."

Maneno hayo mshonaji alilala nayo na kuamka nayo. Mama alikwisha kwenda. Akimzika na baba, hakujua angesimama na nini.

Basi akashika utaratibu. Sahani na kijiko cha mzee alivichemsha kila mara kabla ya kupakua, na mikono akaiosha mpaka ngozi ikapasuka. Vyombo vikirudi, alivitupa karoni pamoja na vingine, hana nguvu zaidi. Fundi umeme hakutoka kwenda kazini. Mapacha walilala mchana kutwa, na ukimya wao ulimtia huzuni kuliko kelele zao za siku zote. Jirani alipoacha mikate getini na kuuliza kwa mbali mgonjwa anaendeleaje, alimjibu, "Tunaendelea," akafunga dirisha. Hadithi ndefu ilikuwa imemshinda.

Siku ya tisa mzee alibisha kutoka ndani.

"Nifungulie, mwanangu. Nakusikia unavyoburuta miguu. Niache nikuoshee hata vyombo."

"Hutoki, baba."

"Mama yako angenifungulia."

Mshonaji alikaa chini palepale mlangoni. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Wakati wa mama tuliacha mlango wazi," alisema. "Kila mtu akaingia na kutoka. Unakumbuka kilichotupata."

Baadaye kidogo ikasikika sauti ya ufagio, mzee anafagia chumba ambacho alikuwa amekifagia asubuhi.

Siku ya kumi na moja mapacha waliamka wakigombania mto, ugomvi wa kwanza tangu wiki iliyopita, na hakuna aliyewakaripia. Mshonaji alifunua meza ya cherehani, akapanga vijiti vya kupimia juu ya kitambaa safi, akaweka saa pembeni. Robo saa ilikuwa ndefu. Muda ulipotimia alivaa miwani, akaangalia, akamwita na mumewe aje aangalie kwa macho yake. Mstari mmoja. Kila kijiti, mstari mmoja.

Akavua barakoa, akavuta komeo, akaufungua mlango mpaka ukagonga ukuta. Mzee alikuwa ameketi kitandani, viatu miguuni, kama mtu anayengoja kuitwa jina.

"Toka, baba," alisema. "Tumepona wote wanne, na wewe hatukukuambukiza."