Mkungu wa Mwanjaa

Msitu uliomalizwa na wachoma mkaa, wanawake waliupanda upya, kila mmoja akifunga kipande cha kanga yake kwenye mti wake. Kima punju wachache waliobaki waliporudi, wote walijazana kwenye mti wa Mwanjaa, mkungu wenye majani mapana. Wa Tabu, uliopandwa siku ile ile, hawakuugusa.

“Wako umeutia pilipili, shoga?” Mwanjaa alimtania mbele za watu. Tabu alicheka, roho inamuuma.

Alfajiri alikwenda peke yake, akafungua kitambaa cha Mwanjaa, akafunga chake cha zambarau. Mtoto wa kima akashuka, akakinusa, akakichomoa, akapanda nacho hadi kileleni.

“Tabu! Leo umeniwahi, shoga!” Mwanjaa alikuwa anakuja na ndoo ya maji.

Tabu alikificha kitambaa cha mwenzake ndani ya ngumi. Juu kule, chake kilikuwa kinapepea.